Tuachieni Mtu wa Kumuuliza

Kijiweni kwetu Sigino, pale bodaboda zinapopanga foleni kusubiri abiria wa Babati mjini, ipo hoja moja ambayo sijawahi kuisikia ikikosa waitikiaji. Maji yakikata njia, taka zikifurika, utamsikia mtu: "Waondoeni madiwani wote. Tuleteeni mtu mmoja tu, mkali, kutoka juu." Halafu mwenye mvi kuliko wote atataja jina la kufungia mjadala: Keenja. "Mnaikumbuka Dar es Salaam ya Keenja?" Nusu ya walioketi pale walikuwa hawajazaliwa, lakini wote wanaikumbuka.

Siku moja nikajaribu kubisha. Kijana mmoja akazima pikipiki yake anisikie vizuri. "Mwalimu," akasema, "na kusoma kote huko, unatetea posho za madiwani?" Kijiwe kikaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu swali lilikuwa zuri na abiria wake walikuwa wameshafika. Jibu la haraka sikuwa nalo. La polepole ninalo.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Babati haina meya. Meya ni wa manispaa na majiji. Mji kama wetu una mwenyekiti wa halmashauri. Tofauti yao ni ya cheo, si ya damu. Wote wawili ni madiwani waliochaguliwa na watu wa kata zao, kisha madiwani wenzao wakawapigia kura wakalie kiti. Pembeni yao huketi mkurugenzi, ambaye hakuna kata iliyompigia kura, naye ndiye mwenye watumishi, mafaili na saini ya malipo. Kwa hiyo nikisema meya hapa chini, wa Sigino amweke mwenyekiti wetu mahali pake, hatapotea.

Sasa Keenja. Simpunguzii sifa hata moja. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam na kuweka Tume ya Jiji, Charles Keenja akiwa mwenyekiti wake. Aliyeiona Dar es Salaam ya kabla ya hapo hahitaji kusimuliwa: vichuguu vya taka, mashimo barabarani, ushuru usiojulikana unaishia kwa nani. Tume iliwapa kampuni binafsi na vikundi vya mitaani kazi ya kuzoa taka, ikakaza makusanyo, ikatengeneza barabara, ikavunja vibanda vilivyoziba njia. Mji ukapumua. Anayekana hayo anayakana macho yake.

Ninachobishia ni namna ushahidi huo unavyotumika. Tume ilikuwa na kitu ambacho hakuna meya wa nchi hii aliyewahi kukipata: serikali nzima mgongoni mwake. Ilipotaka nguvu ya dola, ilikuwapo. Ilipotaka kuamua, haikuwa na wa kupiga naye kura. Sasa, ukimfunga mtu mmoja mikono, ukamwacha mwingine huru, kisha ukawashindanisha kupanda mti, yule aliyefika juu hajathibitisha kwamba ana mikono bora. Amethibitisha kwamba kamba ilikuwa imekaza.

Tena kuna swali ambalo wasimulizi wa Keenja hawaligusi. Muuza chakula aliyevunjiwa kibanda mwaka ule angekwenda kumlilia nani? Diwani wake alikuwa amerudishwa nyumbani. Labda kibanda kilistahili kuvunjwa, mimi sijui. Hata hivyo alistahili mtu wa kumwambia hivyo uso kwa uso, mtu ambaye angehitaji kura yake baadaye. Tume ilipomaliza muda wake mwaka 2000, jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, zenye madiwani na mameya wao. Na Keenja mwenyewe? Mwaka huohuo alikwenda kwa wananchi wa Ubungo kuomba kura, akawa mbunge. Yule tunayemtaja kama ushahidi dhidi ya kura alizifuata kura kwa miguu yake.

Wanaoamini tume ni dawa wasiishie kwenye ile miaka minne ya Dar es Salaam. Wavuke Namanga. Machi 1983 serikali ya Rais Moi ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuweka tume ya wateule. Ilisemwa ni ya muda. Muda huo uliendelea hadi uchaguzi wa Desemba 1992, karibu miaka 10. Mtoto aliyezaliwa tume ikiwekwa alifika darasa la tatu hajawahi kuwa na diwani. Kama mteule mkali ndiye dawa, Nairobi ya mwaka 1992 ingekuwa bustani. Haikuwa. Maji, taka na majitaka vilizidi kuushinda mji, na ardhi ya umma ilimegwa huku hakuna kikao cha wazi cha kuuliza nani kapewa kiwanja gani. Mei 1990 askari wa tume hiyo waliingia Muoroto, makazi ya watu maskini karibu na stendi ya mabasi, wakavunja. Hapakuwa na kikao ambacho mkazi wa Muoroto angeingia kesho yake kumnyooshea kidole mtu.

Jambo moja la mwaka huo hunisimamisha kila ninapolikumbuka. Julai 1990 serikali iliwaweka kizuizini Kenneth Matiba na Charles Rubia kwa kudai vyama vingi. Rubia ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, mwaka 1962. Sidai kwamba umeya ndio uliompa ujasiri. Ujasiri wa mtu una mizizi mingi. Lakini mtu aliyewahi kuongoza baraza linalobishana anajua baraza lisilobishana linafananaje. Nairobi ilijaribu tena Machi 2020, safari hii ikakabidhi kazi kubwa za kaunti kwa Meja Jenerali Mohammed Badi. Mwaka 2022 kazi zikarudi kwa gavana wa kuchaguliwa. Jeshi nalo halikuacha dawa ya kudumu.

Uganda ilikwenda mbali zaidi, ikaiandika tabia ya kuweka wateule kwenye sheria. Sheria ya mwaka 2010 iliunda mamlaka ya jiji la Kampala, KCCA, ikiongozwa na mkurugenzi mtendaji wa kuteuliwa, huku Meya Mkuu akichaguliwa na jiji zima na kupewa, kwa kweli, kiti na kipaza sauti. Jennifer Musisi akawa mkurugenzi mwaka 2011, akafanya kazi inayoonekana: mapato yakapanda, barabara zikatengenezwa, ofisi zikapata nidhamu. Mwaka huohuo wapiga kura walimchagua Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu. Wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Novemba 2013 Lukwago akaondolewa kwa kura ya madiwani, kesi zikafuatana, milango ikafungwa. Mwaka 2016 watu wa Kampala wakamrudisha. Mwaka 2021 wakamrudisha tena. Musisi aliondoka mwaka 2018.

Ukiwauliza watu wa kijiweni kwetu watasema: ona, wananchi hawana shukrani, waliletewa lami wakachagua kelele. Mimi naona kinyume. Watu wa Kampala waliiona lami, wakaitembelea. Walichokikataa ni kuambiwa kwamba lami ni malipo ya kunyamaza. Na kwa kuwa Meya Mkuu wao huchaguliwa na jiji zima, si na chumba cha madiwani, ilikuwa vigumu kumfuta. Hilo nalitamani kwa Babati siku moja: mwenyekiti anayepigiwa kura na mji mzima, kuanzia huku Sigino hadi ng'ambo ya ziwa, badala ya kupatikana baada ya minong'ono ya usiku mmoja.

Nije kwenye msemo wa pili wa kijiweni, kwamba umeya ni mkufu na joho tu, pambo la kukatia utepe. Wanaosema hivyo hapa kaskazini wamekaa mara nyingi kwenye majukwaa ya uwanja wenye jina la meya bila kujua. Kabla Manyara haijawa mkoa mwaka 2002 sisi tulikuwa watu wa Arusha, na kwenda Arusha kulikuwa pia kwenda Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. (Uwanja unaandika Abeid, kitabu chake kinaandika Abedi. Nafuata kitabu, maana hicho alikiandika mwenyewe.) Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mhubiri wa Ahmadiyya. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, kitabu ambacho anayejifunza ushairi wa Kiswahili bado hawezi kukipita kando. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Akawa Waziri wa Sheria, kisha waziri wa utamaduni, na Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani. Miaka 40 tu.

Katika maelezo ya maisha yake umeya hupewa mstari mmoja, kama kituo ambacho basi halikusimama. Nadhani ni kosa. Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa imepangwa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Meza ya baraza la mji ndiyo meza ambapo mtaro, taa na bomba hupewa mwelekeo. Mtoto wa Ujiji kukaa kichwani mwa meza hiyo, mwaka mmoja na kitu kabla ya uhuru, halikuwa pambo. Aliyetoka Kariakoo kuleta lalamiko alimkuta pale juu mtu anayelielewa bila mkalimani.

Ila ninakubali kwamba hakukaa. Jamhuri changa ilimhitaji kila aliyesoma, ikampandisha. Hapo ndipo naona ugonjwa wetu ulipoanzia: tangu siku ile kiti cha mji kimekuwa ngazi. Mwenye uwezo hukikanyaga akielekea bungeni au wizarani, na anayebaki nacho hutazamwa kama aliyekosa pa kwenda. Halafu tunashangaa kwamba kiti kina watu dhaifu.

Na ngazi yenyewe haikuachwa isimame. Mwaka 1972, kwa ushauri wa wataalamu wa kampuni ya Marekani, McKinsey, serikali ilifuta halmashauri za wilaya, na mwaka uliofuata zikafuatia za miji. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri, maana madaraka yalikwenda mikoani kweli, mikononi mwa maofisa wa serikali kuu. Nchi nzima, basi, ilipata kile kijiwe chetu kinachokiomba: watu wakali kutoka juu, bila madiwani. Miji iliporomoka. Huduma zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya haraka ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikaja sheria kamili za serikali za mitaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Jingine lilikuwa kuvunja ushirika. Mtu aliyefanya jaribio lile kwa nchi nzima, kwa nia njema na kwa mamlaka ambayo hakuna mteule wa leo anayeyakaribia, alitoka akisema alikosea. Kijiwe kinataka alirudie.

Kama umeya ni mkufu tu, nielezwe pia yaliyotokea Arusha. Desemba 2010 ulifanyika uchaguzi wa meya uliozua mgogoro kati ya CCM na Chadema juu ya nani alistahili kupiga kura na kama taratibu zilifuatwa. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yakakutana na polisi, na watu wakapoteza maisha. Watu hawafi kwa ajili ya utepe na mkasi. Vyama vyote viwili vilijua kiti kile kina kitu ndani yake. Ni sisi tu, tuliokaa mbali, tunaoendelea kusema kitupu.

Nitawapeleka mbali kidogo sasa, kwa sababu kuna meya mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yanajibu karibu kila linalosemwa pale kijiweni. Tom Johnson alizaliwa Kentucky mwaka 1854. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliifilisi familia yake, akauza magazeti kwenye treni akiwa mtoto, akaingia biashara ya tramu na kuwa tajiri hasa. Alijua kila mlango wa nyuma ambao kampuni ya tramu hutumia kupata kibali kutoka kwa mji, kwa sababu alikuwa amepita humo mwenyewe. Kisha akasoma vitabu vya Henry George, yule aliyefundisha kwamba thamani ya ardhi huletwa na jamii na jamii ndiyo inayostahili kuitoza, na akageuka. Mwaka 1901 akachaguliwa meya wa Cleveland, Ohio. Alishinda tena 1903, 1905 na 1907.

Huyu alikuwa mkali, wale wanaopenda ukali watampenda. Ila ukali wake aliupeleka hadharani. Alifanya mikutano kwenye hema kubwa la sarakasi, akilihamisha kutoka kona moja ya mji hadi nyingine, na anayetaka kumzomea alipewa nafasi ya kuuliza. Aling'oa vibao vya kukataza watu kukanyaga nyasi kwenye bustani za umma. Kazi ya kuzoa taka jiji likaifanya lenyewe. Aliwataka wenye tramu washushe nauli kutoka senti 5 hadi senti 3, wakamkimbiza mahakamani kwa makumi ya mazuio.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kile walichokiita shule ya kodi. Johnson alimpa kijana mmoja mwenye ulimi mkali, Peter Witt, kazi ya kuchunguza uthamini wa ardhi na majengo ya Cleveland. Ramani zikachorwa mtaa kwa mtaa, zikawekwa mahali pa wazi, na mwenye nyumba ndogo akaweza kuona kwa macho yake kwamba analipa zaidi, kwa kipimo cha thamani, kuliko jumba la kampuni lililo mita chache kutoka kwake. Watu wakaja kubishana mbele ya ramani. Wakubwa wakaenda mahakamani, shule ikafungwa. Lakini mtu akishaona ramani haioni tena kodi kama mvua inayotoka kwa Mungu.

Walipomshindwa kwenye kura walijaribu njia nyingine, nayo tunaifahamu vizuri. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya Ohio ilibatilisha mpangilio wa sheria ulioiendesha miji kama Cleveland, na bunge la jimbo likatunga sheria mpya iliyoyagawanya madaraka ya meya kwenye bodi mbalimbali. Mkono kutoka juu ukakata mkono wa mji. Johnson akaenda tena kwa wapiga kura, akashinda chini ya sheria hiyohiyo iliyotungwa kumbana.

Mwishowe alishindwa. Mwaka 1908 alifanikiwa kuziweka tramu mikononi mwa kampuni ya kuendesha kwa manufaa ya umma. Ukaja mgomo wa wafanyakazi, ukaja usumbufu, na Oktoba wapiga kura wakaukataa mpango wake kwa tofauti ndogo. Novemba 1909 wakamnyima kiti chenyewe, wakampa Herman Baehr. Utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha, afya pia. Alikufa Aprili 1911. Mji uliomwangusha ukamjengea sanamu kwenye uwanja wake mkuu. Angalieni hapo: mpango wake ulipowachosha, watu hawakusubiri mtu wa juu aamke vibaya asubuhi moja amtengue. Walimwondoa wenyewe, kwa sababu zao, zikiwa nzuri au mbaya. Na aliondoka anajua ni nani aliyemwondoa.

Najua litakalofuata: "Mwalimu, umetuchagulia malaika. Wezi je?" Wapo. Chicago ilimchagua William Hale Thompson, Big Bill, akatawala 1915 hadi 1923, na tena 1927 hadi 1931, zama ambazo Al Capone aliuchezea mji kiganjani mwake. Alipokufa mwaka 1944 yalikutwa masanduku ya benki yenye fedha taslimu zaidi ya dola milioni 1. Kura haimgeuzi mwizi kuwa mwaminifu, na sijasema hivyo. Lakini mwaka 1931 ni kura iliyomng'oa. Mteule akiiba hung'olewa na aliyemteua, kama akitaka, kwa wakati anaotaka, na mara nyingi kung'olewa kwenyewe ni kuhamishiwa mkoa mwingine.

Hata hiyo tume, kama chombo cha kuendesha mji, ina historia ambayo wapenzi wake wangeisoma. Umaarufu wake Marekani ulianzia Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha Septemba 1900 kilichoua zaidi ya watu 6,000. Mji ulikuwa magofu, ukapewa tume ya watu watano, na mwanzoni baadhi yao waliteuliwa na gavana. Kama kuna mji uliowahi kuwa na udhuru wa kuweka kura pembeni, ni ule. Hata hivyo uteuzi huo ulipingwa mahakamani, na kufikia mwaka 1903 wajumbe wote wakawa wa kuchaguliwa. Watu waliokuwa wametoka kuzika maiti walikataa kuendeshwa na wasioweza kuwauliza. Sisi tunataka kuacha kuuliza kwa sababu ya mtaro ulioziba.

Nirudi Sigino, kwenye posho. Yule kijana alikuwa na haki ya kukasirika: kuna vikao vinavyoanza saa nne na kwisha saa tano, chai ikiwa imeshanywewa. Ila tuhesabu kwanza kilichobaki kwa madiwani kufanya. Barabara za mitaa zilihamishiwa wakala wa serikali, TARURA, mwaka 2017. Ada ya mabango ilikwenda serikali kuu. Kodi ya majengo ilikwenda mamlaka ya mapato, TRA, na tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda. Huenda kila uamuzi ulikuwa na sababu yake ukiutazama peke yake. Kukusanya kodi kwa LUKU hakika ni rahisi kuliko kutuma mtu agonge milango. Lakini rahisi kwa nani? Nyumba ya bati ya mkulima wa mbaazi hapa chini ya Mlima Kwaraa na nyumba ya kifahari isiyo ya ghorofa kule Masaki zinakatwa kiwango kimoja. Hakuna ramani ya Peter Witt. Hakuna chumba cha kwenda kubishana. Unaweka tokeni, uniti zinapungua, basi. Mji ukinyang'anywa barabara, mabango na kodi, kisha ukaulizwa madiwani wake wana kazi gani, hilo si swali tena. Ni dhihaka.

Na hata wakiwa hivyo, mikono mitupu, diwani ana kitu ambacho mkeka wa uteuzi hauwezi kumpa mtu. Anaishi hapa. Ng'ombe walioingia shambani kwako wameingia na kwake. Mama yake anapanga foleni kwenye zahanati ileile. Miaka 5 ikiisha atapita kijiweni akiwa amekunja mikono, na wale mliomcheka mtakuwa mmekaa mnamsubiri. Mteule mkeka ukitoka usiku, asubuhi anafunga mizigo, na lalamiko lako linabaki mezani likimsubiri mgeni atakayeanza kwa kuuliza Sigino iko upande gani.

Mwaka 2021 Rais Magufuli alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, lile lililokuwa juu ya manispaa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kiutawala hoja haikuwa mbaya, mabaraza yalikuwa yamepandana. Kilichonishangaza ni ukimya. Kiti alichokikalia Amri Abedi kilikunjwa na kuwekwa kando, na watu wa mji mkubwa kuliko yote nchini wakaendelea na foleni ya mwendokasi. Huo ndio ushindi kamili wa hoja ya kijiweni: haihitaji tena kusemwa.

Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nimemweleza yule kijana. Hakuamini, akadhani ni lazima uwe na barua. Nikamwambia kijacho twende wote, tukae viti vya nyuma, asikie mwenyewe diwani wetu akifungua mdomo au akisinzia, ndipo tuendelee kubishana. Amekubali, ila mafuta ya pikipiki ni juu yangu.